Kikombe cha Nne

Hadithi hii nimetumiwa, sikuitunga. Isome hadi chini kabla hujamtumia mwenzio, hasa kama una mtoto nyumbani.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Namsifu, ambaye kazi yake ilikuwa kupima watoto: nani akili yake inakwenda sawa na umri wake, nani amechelewa, nani apelekwe wapi. Miaka ishirini na mbili alikuwa kwenye kazi hiyo, na alijisifu kwamba hajawahi kufuta alichoandika. Mjuaji hasa. Mtoto hajaketi, yeye ameshamaliza.

Asubuhi moja aliletewa binti wa miaka sita aitwaye Debora. Mwaka mzima mtoto huyo hakuwa ametamka neno. Shule ya kijijini kwao ilikwisha kumkataa, na karatasi ya Bi Namsifu ndiyo ingeamua abaki na mama yake au apelekwe bweni la mbali, safari ya siku mbili. Mama mtu aliketi pembeni akisokota ncha ya khanga.

Bi Namsifu alimwita mtoto kwa jina. Hakugeuka. Alimwita mara tatu, na masikio yalikwisha kupimwa yakaonekana mazima. Akaandika: haitikii jina lake.

Kisha akampa vikombe vya plastiki, akamwambia awaandalie chai wote waliomo chumbani, kila mtu kikombe chake. Walikuwa watatu. Mtoto aliweka kimoja mbele ya mama, kimoja mbele ya mpimaji, kimoja akabaki nacho. Halafu akachukua cha nne, akazunguka meza, akakiweka sakafuni nyuma ya kiti cha Bi Namsifu. Akautabasamia ukuta.

Bi Namsifu akaandika: hajui kuhesabu. Lakini nywele za kisogoni zilikuwa zimemsimama.

Wakahamia chumba cha pili, cheupe, kisicho na hata pazia. Vikombe vilevile. Safari hii cha nne kiliwekwa nyuma ya mlango, na mtoto akaweka kidole mdomoni kama anayemwonya mtu asicheke.

Bi Namsifu aliogopa, na aliona haya kwamba ameogopa. Ulibaki mstari mmoja tu wa kujaza. Badala ya kuujaza, akauliza swali ambalo halimo kwenye fomu: hili jina la Debora, mtoto alipewa lini?

Mama aliiachia ncha ya khanga. "Mwaka jana," akasema. "Tulimbadilishia."

"La kuzaliwa ni lipi?"

"Doto."

Mtoto akageuka papo hapo.

Bi Namsifu aliweka kalamu chini. Nani asiyejua kwamba penye Doto pana Kulwa? Ndiyo majina ya mapacha, na Kulwa ndiye hutangulia kuzaliwa.

"Kulwa yuko wapi, mama?"

Mama akaeleza huku analia. Kulwa alikufa kwa homa mwaka jana. Bibi yao akakataza jina la Doto lisitajwe tena, kwa kuwa Doto akiitwa peke yake atamfuata mwenzake. Mtoto mwenyewe akaambiwa kaka yake amejificha tu, kama walivyozoea kucheza, na kwamba asimtafute. Hakuambiwa zaidi ya hapo.

"Mwambie sasa hivi," alisema Bi Namsifu. "Na umwite kwa jina lake."

Mama akapiga magoti. "Doto mwanangu, Kulwa hakujificha. Kulwa alikufa."

Mtoto alimtazama muda mrefu. Sauti ilipotoka ilikuwa kavu, ya kukwaruza. "Mimi nilinyamaza asije akaonekana."

Bi Namsifu aliichana ile fomu, ya kwanza kuichana tangu aanze kazi. Akachukua nyingine, na ili apate la kuandika, akauliza kwa upole, "Doto, sasa humu ndani tuko wangapi?"

Mtoto akatazama nyuma ya mlango.

"Watatu," alisema. "Ametoka sasa hivi. Na yeye alikuwa hajaambiwa."

Funzo: Usiharakishe kusema mtoto haelewi. Kabla hujampima akili, jiulize kwanza wewe mkubwa umemficha nini.