Firigisi ya Mwalimu Kageha

Nyinyi mnaopenda kuamua kesi za wenzenu, sogeeni karibu. Hii imenishinda.

Huko Maragoli yuko mwalimu mstaafu, Kageha, mjane aliyepofuka uzeeni. Mwanawe wa pekee anafanya kazi kwenye kambi ya mafuta Uarabuni. Simu ni marufuku kambini, kwa hiyo humwandikia mama yake kwenye kompyuta, na watu watatu walikuwa wakipokezana kuja kumsomea. Agufa, jirani, alikuwa na kipaji cha kujua habari kabla ya redio. Chavulimu alikuwa fundi wa kompyuta asiyekubali kwamba mashine imekufa. Mmbone, binti wa kaka yake Mwalimu, alijaliwa sauti, na kwaya nzima ilimtegemea.

Lakini mwana akiandika, "Mama, nimekukumbuka," Mwalimu alimeza machozi. Angeliaje mbele ya watu?

Siku moja Agufa akaja mbio. "Mwalimu, toleo jipya la mfumo wa kompyuta linatoka mwisho wa mwaka. Wanasema litasoma Kiswahili kwa sauti, tena sauti ya mtu umtakaye, na ukilisemesha litaandika." Akawasumbua watengenezaji mpaka wakampa Mwalimu toleo la majaribio. Bila Agufa angekuwa angali akingoja.

Toleo likakataa kuingia, maana kompyuta ya Mwalimu ilikuwa kuukuu. Chavulimu akafungua mashine yake mwenyewe, ile inayompa ugali, akang'oa vifaa vyake na kuvipachika kwenye ya Mwalimu. Ikawaka.

Ikawaka, lakini bubu, kwa kuwa ilihitaji sauti ya kujifunzia. Mmbone akajifungia nayo, akaisomea sentensi moja baada ya nyingine hadi koo likakauka. Pasaka hiyo kwaya iliimba bila yeye.

Hatimaye Mwalimu akafunga mlango, akasomewa barua ya mwanawe, akalia mpaka akatosheka. Ilikuwa furaha tupu.

Kisha watu wakaacha kuja. Waje kufanya nini, na kazi yao inafanywa na mashine? Jioni moja, kompyuta ikisoma kwa sauti ya Mmbone, Mwalimu akajisahau, akadhani ni Mmbone mwenyewe. "Kunywa chai kwanza, mwanangu," akasema. Kompyuta ikayaandika maneno hayo, ikamuuliza kama iyahifadhi. Upweke ule ulimuuma kuliko upofu.

Basi akachinjisha kuku, akawaita wote watatu. Sasa, mnajua kwao firigisi haikatwi. Hupewa mtu mmoja, mwenye heshima kuliko wote mezani, na tangu mumewe afariki hakuna aliyepewa katika nyumba ile.

"Mimi sidai kitu, Mwalimu," Agufa akasema. "Ila habari nilileta mimi."

"Habari haiwashi mashine," Chavulimu akamjibu.

"Na mashine bubu ingekufaa nini, shangazi?" Mmbone akauliza taratibu.

Mwalimu akapapasa sufuria, akaipata firigisi, akaichota kwa upawa. "Nyinyi hamjakaa nami hivi tangu kompyuta ianze kusoma," akasema. "Sikuwaita kwa sababu ya firigisi. Niliwaita kwa sababu nyumba imekuwa kimya."

Wakainamisha vichwa, lakini hakuna aliyesema mwenzake apewe.

Mwalimu si mjinga. Anajua atakaowanyima wataondoka wamenuna, na hatawasikia tena mlangoni. Anajua pia kwamba atakayepewa atajiona amelipwa, na aliyelipwa hana sababu ya kurudi. Akiirudisha sufuriani, atakuwa amewavunjia heshima wote watatu.

Mchuzi unapoa. Upawa bado uko hewani. Agufa, Chavulimu au Mmbone: wewe ungemwekea nani sahanini? Na ukishaamua, niambie ni nani atakayebisha hodi kwa Mwalimu kesho.