Hodi Kwa Fundi Sefania

"Asiyesimama naye hupigiwa hodi." Mmeisikia leo sokoni mkacheka, na sasa mnataka kujua nani aliisema kwanza. Aliisema Sefania, seremala wa Usangi, wala hakuwa akitania.

Sefania alianguka kutoka kwenye paa akipigilia mabati. Uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa. Alirudi kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu, na tangu siku hiyo watu wakaacha kupiga hodi kwake. Waliingia tu, wakasema pole, macho yao karakanani. Wa kwanza wao alikuwa kaka yake, Elinaza.

Sefania hakuziamini pole zile. Alimsikia Elinaza akipima karakana kwa hatua. Mtu hapimi chumba cha mwenzake bure. Mara randa ikahamia rafu ya juu, mara msumeno haupo.

"Anakusaidia kupanga," mkewe, Nakiete, alimwambia.

"Anapanga au anapangua?"

Elinaza alipokwenda shamba wiki ile, Sefania alimwambia Nakiete aishikilie meza ya kazi. Akaikata miguu yote minne, ikashuka hadi kimo chake. Akaanza kazi. Mikono ilikuwa mizima.

Siku ya nne mlango ulisukumwa. Elinaza aliingia na jirani, Mzee Kadege.

"Meza yenyewe ndiyo hii..." Elinaza akakwama. "Mdogo wangu, umeiharibu!"

"Imeharibika kwako unayesimama. Na mbona hamkupiga hodi?"

"Hodi ya nini? Ungeinuka kutufungulia?"

"Asiyesimama naye hupigiwa hodi, kaka. Tokeni, muanze upya."

Elinaza alicheka, peke yake. Mzee Kadege alikuwa akipapasa fremu ya dirisha pale mezani. Kona zilikaa sawasawa. Akavua kofia, akatoka.

"Hodi hapa kwa fundi!"

"Karibu, mzee."

"Niliambiwa kuna meza inauzwa. Kumbe ninachohitaji ni mlango."

Elinaza naye akatoka, akaita hodi kwa sauti ndogo. Sefania alimkaribisha. Kaka yake alipoondoka, Sefania alihesabu patasi zake zote.

Milango mingi ya Usangi ilitoka kwenye meza ile fupi. Sefania aliozesha mabinti wawili, na katika baraza la wazee hakuna aliyebisha kumshinda. Elinaza alizeeka akisema alitaka kusaidia tu. Huenda. Lakini hakuingia tena pale kimyakimya, kwa sababu asiyesimama naye hupigiwa hodi.