Boti ya Aliyewaokoa Papa

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana simu za mkononi zilikwishafika, hori la Mtengani, mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, lilikuwa na papa wadogo, urefu wa mkono wa mtu mzima. Papa hawa hawatagi mayai. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha huingia horini, kwenye maji machache chini ya mikoko, akazaa watoto wawili, au watatu akijaliwa. Na hapo hapo kwenye maji machache ndipo watu walipotega nyavu.

Bi Mchanga, mkaanga samaki wa sokoni, ndiye aliyeona kwanza. Kila mwaka, mwezi wa tatu, akipasua papa alikuta watoto tumboni. Akawaambia wavuvi, "Jamani, mnaniletea mama na wanawe. Mwakani mtaniletea nini?" Wakacheka, naye akakaanga. Mwaka wa pili akasema tena. Wakacheka, naye akakaanga.

Akaja Dakta Lutengano, mtafiti. Siku tatu alimsikiliza Bi Mchanga huku akila samaki wake. Kisha akasema maneno ya mkaanga samaki hayatoshi, lazima yathibitishwe. Akanunua papa majike arobaini, akawapasua, akahesabu watoto. Ripoti ikatoka, kurasa mia mbili: papa wanakwisha. Wakubwa wakasoma ukurasa wa kwanza, wakafunga hori lisivuliwe miezi mitatu kila mwaka.

Mwenye nyavu nyingi humo alikuwa Faki Ngwali. Akazitoa. Wenzake walihamia mwambani. Yeye ngalawa yake ilikuwa mbovu, haivuki mlango wa hori. Kila hori lilipofungwa, wanawe walikula muhogo kwa chumvi. Siku moja akamkuta papa jike amenasa kwenye kipande cha wavu kilichosahaulika. Mkewe alikuwa ufukoni anamtazama, sufuria tupu mkononi. Faki akaukata wavu, papa akaenda zake. Mkewe hakusema naye siku mbili.

Mwaka wa nne tangu hori lianze kufungwa, watoto wa papa wakaonekana tele. Wafadhili wakaleta boti moja mpya, na mashine yake, apewe mtu mmoja aliyewaokoa papa. Fulana zikagawiwa, zimechorwa nyangumi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pandu, akawaita Bi Mchanga, Dakta na Faki, kila mmoja aseme kwa nini apewe yeye.

"Nilisema kabla ya wote," alisema Bi Mchanga.

"Ukasema na ukakaanga," alisema Faki.

"Bila ripoti yangu hori lisingefungwa," alisema Dakta.

Bi Mchanga akamgeukia. "Na mimi nimo ukurasa wa ngapi, Dakta?"

"Umo mwishoni, kwenye shukrani."

"Kwa jina langu?"

Dakta akakohoa. "Kwa jina la mwenyeji mmoja."

"Hawa walisema na kuandika," alisema Faki. "Aliyelala na njaa ni mimi."

"Lakini bwana Faki, nusu ya papa waliokwisha walikwishia kwenye nyavu zako," alisema Dakta.

"Na wale arobaini wako, Dakta, uliwanunua kwa nani?" aliuliza Faki.

Mzee Pandu akasema jambo hili ni zito, apewe muda afikiri. Akatia ufunguo wa boti mfukoni. Miezi miwili ikapita, bado anafikiri, na watu walimwona akifikiri ndani ya boti, katikati ya hori.

Basi nyinyi mliokaa hapa, mmalizieni kazi yake. Aliyejua akaendelea kukaanga, aliyeua ili athibitishe, na aliyemaliza papa kisha akaacha ingawa wanawe walilala njaa: boti ile, je, ilikuwa haki ya nani?