Kijitu cha Shati la Kijani

Wengi wetu tukisikia neno akiba tunafikiria nafaka au fedha. Tunasahau kwamba hata kichwa kina ghala lake, na kwamba kilichowekwa humo hakitobolewi na dumuzi. Asiyeamini na amuulize Idman wa Garissa.

Idman alikuwa binti wa Maka, mwuza maziwa, na mapenzi yake yote yalikuwa vitabuni. Alisoma huku akingoja maziwa yachemke, na mara nyingi maziwa yalifurika. Waandishi aliowapenda walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye kila sura aliikatiza pale tu mtu anapobisha mlango. Wa pili hakumjua jina, kwani kitabu chake kilifika maktabani bila jalada. Mtu akiingia katika hadithi ya huyo wa pili, msomaji alielezwa kwanza ni mtoto wa nani, katoka wapi na anatafuta nini. Idman alikisoma kitabu hicho mara tisa.

"Vitabu havikamuliwi," Maka alizoea kumwambia.

Mwaka wa 1996, baada ya kumaliza kidato cha nne, Idman alipata kazi katika duka la Kioko, mfanyabiashara kutoka Machakos. Kioko aliuza redio, na sasa alikuwa ameleta mashine za michezo ya video za kuunganishwa na televisheni. Idman alitakiwa kuketi mbele ya televisheni na kucheza ili wateja waone, wapende, wanunue. Alipewa siku tatu za majaribio. Asipouza hata mashine moja, kazi hana, na mamake alikwisha sema kwamba ikiwa hivyo atakwenda Ijara kumsaidia shangazi yake kuchunga mbuzi. Idman hakuwachukia mbuzi, lakini Ijara hakungekuwa na maktaba.

"Wewe sema hivi," Kioko alimfundisha. "Michezo sitini ndani ya kaseti moja, rangi safi, waranti miezi sita. Basi!"

Idman akayakariri maneno hayo kama kasuku. Siku mbili zikapita akiambulia patupu. Watu walijaa, wakatazama kijitu cha shati la kijani kikikimbia na kuruka mashimo, wakauliza, "Huyu anakwenda wapi?" Idman alijibu kwamba ni mchezo tu, kisha akarudi kwenye waranti. Nao wakaenda zao.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, siku ya soko la mifugo. Akaingia Yarow, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Bura. Alikuwa amefungua hoteli ya chai yenye televisheni na jenereta, naye alitaka kitu cha kuwakalisha wateja. Idman alicheza huku akimtupia Yarow jicho. Kijitu kikatumbukia shimoni.

"Kioko," Yarow akasema, "hii mtu natoka wabi?"

"Hatoki popote, mzee. Ni picha tu."

"Nakimbia hivi na haina kwao? Haisemi habari?" Yarow akainuka. "Mtu nakimbia bila kusema natoka wabi, hiyo ni mwizi. Mimi siweki mwizi kwa hoteli yangu."

Idman alitamani ajipige kofi. Alizaliwa miongoni mwa watu ambao wakikutana na msafiri humuuliza habari kabla ya jambo lingine lolote: ametoka wapi, ni wa nani, mvua imenyesha wapi. Kwa siku mbili watu walikuwa wakiuliza habari, naye akiwapa waranti! Yarow alikuwa amefika mlangoni. Hapo ndipo Idman alipokikumbuka kile kitabu kisicho na jalada.

"Adeer, huyu si mwizi!" akamwita ami kwa Kisomali, na kuuanza mchezo upya. "Anaitwa Salat Abdille, mwana wa pekee wa mjane wa Eldas. Ngamia wao wa maziwa amepotea katika dhoruba ya vumbi. Mashimo haya unayoyaona ni visima vilivyokauka."

Yarow akarudi akaketi. "Mama yake nakunywa nini sasa?"

"Chai ya rangi, Adeer. Siku ya nne leo."

"Maskini!"

Kioko akafungua kinywa ataje waranti, Idman akamkata jicho. Salat aliruka kisima baada ya kisima, watu wakisongamana na kumwombea, mpaka akafika kwenye lango la mawe, na nyuma yake kitu kikasogea. Idman akaukumbuka ujanja wa yule mwandishi wa kwanza. Akausimamisha mchezo.

"Nani hiyo nyuma ya lango?" Yarow akafoka.

"Hayo utayaona Bura, Adeer."

Yarow akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Kioko, funga hiyo mashine! Na wewe msichana, andika hiyo habari kwa karatasi. Nasomea watu yangu."

"Kesho ufike saa mbili," Kioko akamwambia Idman, "na hiyo waranti achana nayo." Idman akaegemea kaunta akashusha pumzi ndefu. Machozi yalimtoka naye akiyacheka, kwa jinsi alivyojihisi mwepesi.

Jioni alimsimulia mamake yote. Maka alisikiliza huku akisuuza kibuyu cha maziwa, asimtazame. Alipomaliza kukisuuza hakukiweka chini.

"Na huyo ngamia," akauliza, "alipatikana?"

Idman akacheka kwa furaha, akamsogelea, na kumwanzishia hadithi tangu Eldas. Hakika, akiba haiozi.