Mtamba wa Kirongaya na Kinyonga wa Kwenye Kona

Sogea, weka sahani chini, uape kwanza. Apa kwamba haya yataishia hapa jikoni. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa vilevile, tena mara mbili, na unaona ninavyofanya.

Hapo zamani, si ile ya mababu, hii ya juzijuzi, milimani Upareni palikuwa na kijiji kinaitwa Kirongaya. Kazi yao tangawizi. Tangawizi ikiuzika walikula nyama, isipouzika walikula makande, na miaka mingi walikula makande.

Akatokea kijana, Mbonea, miguu mirefu, mpole, ila haogopi kinyonga. Kwa watu wa kule, kinyonga ukimkuta njiani unarudi nyumbani, hata kama ulikuwa unakwenda kuolewa. Mbonea akampeleka mzungu mmoja msituni, akamwonyesha kinyonga wa pembe mbili. Yule mzungu akapiga picha mpaka machozi yakamtoka. Wana mambo yao. Mwezi uliofuata wakaja wanne, kisha ikawa kundi kila Jumamosi.

Wakija wanalala kwa Mama Naetwe, mjane mwenye vyumba viwili na mdomo wa kutosha vyumba kumi. Akawapikia makande ya maziwa, wakalamba sahani. Wakawa wanaandika barua kwao kusifu makande kuliko mlima.

Kiingilio cha wageni kikanunua mabomba ya maji. Bomba likapanda kitongoji kwa kitongoji, kikabaki kimoja tu, cha juu kabisa, anakokaa Bibi Nakijwa. Huyo bado alikuwa anateremka bondeni na ndoo, na goti lile unalijua mwenyewe likishauma linavyouma. Akawa anasema anaomba jambo moja tu: afungue koki mlangoni kwake kabla hajafa.

Basi Mwenyekiti Kajeri, mtu anayependa usafi kupita kiasi, akatangaza msaragambo. Kila nyumba itoe mtu na fyekeo, njia ya wageni isafishwe, miiba isiwachane. Wakafyeka kulia, wakafyeka kushoto, njia ikawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Kikaachwa kichaka kimoja kwenye kona, kwa kuwa kilikuwa na nyuki.

Wageni wakaja, njia inameta, kinyonga hakuna. Angekaa wapi? Jumamosi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu wakaja wageni wawili tu, wakateremka wamenuna. Kiingilio kikakatika, mafundi wa bomba wakaondoka. Mabomba ya Bibi Nakijwa yakalala majanini.

Jumamosi ya nne, pale kwenye kona, kinyonga huyo! Pembe zake mbili, amekaa kichakani. Jumamosi ya tano yupo. Ya sita yupo, tawi lilelile, kama ameajiriwa. Wageni wakarudi, mafundi wakarudi, na hakuna aliyeuliza.

Ndipo wageni wakaleta zawadi, mtamba wa ng'ombe wa maziwa, wakasema apewe yule aliyefanya Kirongaya itembelewe. Kikaitwa kikao.

Mbonea akasimama. "Bila mimi mngekuwa bado mnamkimbia kinyonga. Mimi ndiye niliyewaleta."

Mama Naetwe hata hakusimama. "Uliwaleta, mwanangu, sikatai. Nani aliwarudisha? Mtu huja mara moja kumtazama mjusi. Mara ya pili anafuata chungu."

Watu wakacheka, wakagawanyika, nusu kwa Mbonea, nusu kwa chungu. Mwenyekiti akajaribu kuitaja njia yake safi, wakamzomea akakaa. Bibi Nakijwa yuko nyuma, anachambua uzi wa kitenge chake. Shauri likakatwa kwamba Jumamosi wote waende kwenye kona pamoja na wageni, mtamba akabidhiwe palepale.

Mwenyekiti, kwa kupenda kuwahi, akawatoa mapema saa nzima. Kijiji kizima, wageni na kamera zao, mtamba na kamba yake. Wakakata kona.

Bibi Nakijwa huyo mbele ya kichaka! Tenga la tangawizi miguuni, mkono umenyooka, kinyonga kamng'ang'ania kidole hataki kushuka. Na yeye anambembeleza kwa Kipare: shuka baba, shuka, wanakuja.

Akageuka, akawaona wote.

"Ni mimi," akasema. "Kila Jumamosi. Mlimfukuza na mafyekeo yenu, namfuata kule juu, namleta, jioni namrudisha. Namwogopa mpaka meno yanagongana. Lakini nayataka maji nikiwa hai."

Mbonea akajishika kichwa. "Bibi, nimewaambia hawa wageni kwamba kinyonga huyu hajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Umenifanya mwongo."

"Mwongo aliyetulisha sote," akasema Mama Naetwe, ila safari hii kwa sauti ndogo. Mwenyekiti yeye alikuwa anatazama miguu yake.

Mgeni mmoja akamgusa Mbonea begani, akauliza yule bibi anasema nini. Watu wote wakamkodolea Mbonea macho. Kinyonga naye bado yuko kidoleni.

Haya, niambie wewe. Aliyewaleta, aliyewarudisha, au huyu aliyenaswa na kinyonga mkononi: je, nani alistahili kushikishwa kamba ya yule mtamba?