Aliyekula Fungu Haachii Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na kamba ndefu.

Nani kaishika mkiani?

Sogeeni karibu, na mliotoka kula nawieni mikono kwanza. Hadithi hii ina uvundo.

Hapo kale palikuwa na vijiji viwili, Mwambweni na Shungi, vikitazamana. Katikati yao ulipita mkono wa bahari. Watu wa huku na watu wa kule walivua kwa juya, wavu mrefu unaovutwa na watu wengi kutoka ufukweni. Na desturi yao ilikuwa moja: kila aliyeshika kamba ana fungu lake. Awe mgeni, awe mtoto, awe kipofu. Kashika, kapata. Na aliyekula fungu, akiitwa kuvuta haachii kamba mpaka juya lifike mchangani.

Kasa hawakuwa wa kula. Kasa akinaswa, walimmwagia maji mgongoni, wakamgeuza kichwa kuelekea baharini, wakamwambia, "Wasalimie huko."

Mgawaji wa Mwambweni alikuwa mwanamke aitwaye Mwatime. Yeye ndiye aliyepanga mafungu juu ya makuti, na hakuna aliyewahi kulalamika. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Kibibi.

Siku moja juya lilikuwa zito. Watu walivuta wakapiga magoti, wakavuta wakalala chali. Mara kamba ikawa nyepesi, juya likaja lenyewe, limejaa. Walipogeuka nyuma wakaona nani aliyeshika mkia wa kamba.

Lilikuwa zimwi.

Midomo yake ilikuwa kama maini yaliyolala juani. Mgongoni limeota chaza, na kati ya chaza na chaza funza walikuwa wakipanda na kushuka. Ulimi ulikuwa mrefu mpaka chini, ukilamba mchanga. Lilinuka kama pweza aliyesahaulika kapuni.

Likasema, "Nimeshika kamba. Nipeni fungu langu."

Mwatime akaziba pua kwa upindo wa kanga, akalisogezea samaki wazuri, changu na tasi. Zimwi likawasukuma kwa kidole cha mguu.

"Hao kuleni nyinyi. Mimi namtaka yule."

Lilimwonyesha kasa jike aliyekuwa amenaswa, amejaa mayai, machozi yakimtiririka.

Watu wakatazamana. Mzee Shebwana, mkuu wa juya, akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, mzee yule. Maisha yake yote alikuwa hajamnyima mtu fungu.

"Kashika kamba," akasema. "Mgawie, mwanangu."

Basi Mwatime akashika kisu. Zimwi likachuchumaa mbele yao, likala. Mayai liliyanyonya moja moja kama mtu anyonyavyo embe, ute wa njano ukashuka kifuani, ukaingia kwenye manyoya ya tumbo. Likajipangusa kwa kiganja, likakilamba kiganja, likacheua. Mtu mmoja akakimbilia nyuma ya ngalawa kutapika.

Lakini siku ile kila nyumba ilikaanga samaki.

Likaja tena. "Nimeshika kamba. Nipeni fungu langu." Wakalipa kasa.

Likaja tena. "Nimeshika kamba. Nipeni fungu langu." Wakalipa kasa, na safari hii hakuna aliyetapika. Walikuwa wamezoea.

Basi kasa wakapungua, na kasa walipopungua yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wawashao, wakazidi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwala. Juya likaja limejaa yavuyavu watupu, wanatikisika, wanawasha, wanayeyukia mikononi. Kamba ikawa na ute. Makasia yakawa na ute. Na kijiji kizima kikanuka.

"Ni watu wa Shungi hao," wakasema wa Mwambweni. "Upepo unatoka kwao. Hawaogi wale."

"Tangu lini Shungi wakaoga?"

"Waliwahi. Mvua iliwakuta njiani."

Wakacheka, huku wameziba pua.

Siku moja Mwatime alikuwa anamlisha Kibibi wali. Akafinyanga tonge, akalipeleka mdomoni. Mtoto akageuza uso.

"Kula, mama."

"Sitaki."

"Wali huu huu wa nazi uupendao?"

"Wali nautaka," mtoto akasema. "Mkono wako unanuka zimwi."

Mwatime akaunusa mkono wake. Akausugua kwa mchanga. Akausugua kwa jivu. Akausugua kwa ndimu mpaka ngozi ikachubuka. Uvundo ulikuwa palepale, chini ya kucha, kati ya vidole, kama umeota humo.

Siku ya pili yake juya likaja na kasa mmoja tu, mdogo, hajazidi sinia. Zimwi likammeza na gamba lake. Kisha likazungusha macho ufukweni, likamwona Kibibi, ambaye kwa mchezo wake wa kitoto alikuwa ameshika ncha ya kamba. Ulimi ukatambaa mchangani mpaka karibu na mguu wake.

"Kesho juya likija bila kasa," likasema, "fungu langu ni huyu."

Mwatime akamtazama Mzee Shebwana. Mzee akatazama chini. Mwatime hakujua analichukia zimwi zaidi, au mikono yake.

Hakungoja. Bahari ilipokupwa usiku ule, alivuka kwa miguu mpaka Shungi, maji yakimfika kiunoni. Mgawaji wa Shungi, Bi Mishi, alikuwa ufukweni anakunja nyavu kwa mwanga wa mwezi. Alipomwona akajifunika pua.

"Simama hapo hapo. Tulikuwa tunausikia uvundo wa Mwambweni, leo umekuja na miguu yake."

"Dada," Mwatime akasema, "nusa mkono wako."

Bi Mishi akatoa mkono puani, akaunusa. Akaificha mikono yote miwili nyuma.

"Kwetu huja asubuhi," akasema polepole.

"Kwetu huja jioni."

"Linasema, nimeshika kamba, nipeni fungu langu."

"Na nyinyi mkalipa."

"Kashika kamba, bibi. Ungefanyaje?"

Mwatime hakumlaumu. Wakakaa chini, wote wawili wananuka. Ndipo Mwatime akasema, "Limekula mafungu ya vijiji viwili. Na sisi tuliitie kazi ya vijiji viwili."

Kazi ilikuwa kuwashawishi wazee.

"Kamba yangu ifungwe na ya Shungi?" Mzee Shebwana akauliza. "Itaoza."

"Babangu, imekwisha oza. Inuse."

Mzee akainusa. Alikwenda mwenyewe kuifungua.

Basi kesho yake Shungi hawakuvua asubuhi, na kamba zote za Mwambweni zikafungwa na kamba zote za Shungi. Moja isingefika. Zilizounganishwa zilifika mpaka mwamba mkubwa ulioko nje, mlangoni mwa mkono wa bahari. Wakauzungushia mwamba, na watu wa vijiji vyote viwili wakasimama nyuma yake, ncha mikononi. Mwatime akabaki ufukweni, Kibibi mgongoni.

Jioni zimwi likaja, mate yanachuruzika.

"Kasa wako wapi?"

"Huko ndani. Wengi, wazito. Wenzako wameshindwa. Shika."

Likashika. Kule mwambani watu wakavuta, na kamba ikacheza kama kitu hai.

"Ni wazito?" Mwatime akauliza.

"Wazito," likasema, likaingia majini mpaka magotini.

"Ni wazito?"

"Wazito," likasema, mpaka kiunoni. Kule mwambani watu wakaanza kufunga kamba, fundo juu ya fundo.

"Ni wazito?"

"Wazito mno. Ngoja nipumzike."

"Ulikula fungu?" Mwatime akauliza.

"Nilikula."

"Aliyekula fungu huachia kamba kabla juya halijafika mchangani?"

Zimwi likataka kufungua vidole, havikufunguka. Kila fungu lililolila lilikuwa limenata viganjani mwake. Likavuta. Linavuta hata leo, na mwamba haujasogea. Povu lile la kahawia mnaloliona likiletwa na maji, linalonuka, ni mate yake. Msilikanyage.

Vijiji vikakubaliana: kasa atagaye ufukwe huu analindwa na watu wa ng'ambo, na atagaye ng'ambo analindwa na watu wa huku. Wakachomeka miba kuzunguka mashimo ya mayai, wakapokezana kukaa. Uvundo uliwatoka watoto kwanza, kisha wavutaji. Kwa wagawaji ulikawia. Mwatime akamlisha mwanawe kwa kijiko cha kifuu, wala hakumkasirikia.

Mpaka siku moja mayai yakapasuka. Vikasa vikatoka vikitapatapa, na Mwatime akakaa navyo jua zima, akifukuza kunguru, akivisawazishia mchanga kwa viganja mpaka cha mwisho kikaingia majini.

Aliporudi nyumbani, Kibibi akamshika mkono, akaunusa, akaunusa tena.

"Unanuka mchanga," akasema. Akafungua kinywa, akangoja tonge.

Hadithi yangu imeishia hapo, kamba nimeiweka chini. Mafunzo yake ni haya: desturi njema nayo itazamwe inamlisha nani. Na ukisikia harufu mbaya, kabla hujamtaja jirani, nusa mkono wako.