Kisanduku Kwenye Kiti cha Mbele

Mtu mmoja wa nyanda za juu alikuwa na malori mawili na kanuni mbili. Jina lake Ambakisye, na kazi yake ilikuwa kuhamisha watu nyumba. Kanuni ya kwanza: kila mzigo unabandikwa kikaratasi kinachosema ni wa nani, umetoka wapi, unakwenda wapi. Kanuni ya pili: mzigo wa mtu haufunguliwi. Katika miaka kumi na minne hakupoteza hata kijiko.

Tena alikuwa na desturi. Nyumba ikishakuwa tupu, kabla ya kufunga mlango, alipita chumba kwa chumba akiita, "Kuna kilichobaki?" Kuta zilimrudishia sauti yake, kisha kimya, naye akatoka ameridhika. Mkewe, Mama Lusajo, aliyekuwa akifunga vyombo kwa magazeti, alizoea kumtania: "Siku moja nyumba itakujibu, nawe utakimbia uache lori."

Wabebaji hakuwa nao. Aliletewa na bwana mmoja aitwaye Ndelwa, ambaye ndiye aliyemletea pia mablanketi ya kufunikia samani. Kila asubuhi ya kazi Ndelwa aliwashusha watu wanne getini, na jioni akaja kuwachukua. Pamoja nao alileta kisanduku cha bati chenye kufuli.

"Kiweke kiti cha mbele, kaka," alisema. "Kikiwapo hiki, watu wangu hawapotei."

Ambakisye alidhani ni mambo ya dawa za waganga. Akacheka, akabandika kikaratasi: Cha Ndelwa. Na kwa kuwa barabara za huko zina makorongo, dereva akiendesha, Ambakisye mwenyewe alikipakata njia nzima, kisije kikadondoka.

Wale wanne walifanya kazi bila maneno. Ukiwauliza jambo, walimtazama Ndelwa kwanza. Ndelwa akishaondoka, walitazama barabara aliyopita. Mama Lusajo aliliona hilo. "Baba Lusajo," alisema, "kijiko hiki najua kimetoka kabati gani. Aliyekibeba simjui hata jina."

"Hao ni wa Ndelwa, mama. Sisi tunahamisha vitu."

Ikafika siku ya kumhamisha mwalimu mmoja mstaafu. Ulikuwa mwezi wa Juni, na ukungu ulioshuka alfajiri haukuondoka. Uliingia mpaka sebuleni. Wabebaji walitoka mlangoni wakapotea, na kabati likaonekana linakwenda lenyewe. Meza ikalifuata. Viti vilipita hewani kimoja kimoja, vikaratasi vikipepea, wala hapakusikika hatua ya mtu. Ambakisye alisimama barazani akitazama. Akahisi kwamba nyumba nzima inahama yenyewe, bila mikono, na akaona jambo hilo ni zuri.

Saa kumi alasiri nyumba ilikuwa tupu. Aliingia kama desturi yake. "Kuna kilichobaki?" Sebuleni kimya. Jikoni kimya. Alipofika chumba cha mwisho akaita tena, na sauti ikamjibu.

"Nimebaki mimi."

Hakukimbia. Mahali kilipokuwa kitanda, katikati ya alama nne za miguu ya kitanda hicho, alikaa mmoja wa wabebaji. Alisema jina lake ni Bukuru, mtu wa Kasulu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ambakisye kulisikia, na Bukuru alikuwa amembebea mizigo miezi minane.

Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za mwingine. Waliahidiwa kazi ya ujenzi. Siku waliyofika, Ndelwa alichukua vitambulisho vyao akavifungia kwenye kile kisanduku cha bati. Walilala kwenye ghala lililofungwa kwa nje. Mtu akisema anataka kurudi kwao, Ndelwa alikitikisa kisanduku, basi.

"Kwa nini hukuniambia?" Ambakisye aliuliza.

"Ningekuambiaje, bosi? Kisanduku unakipakata wewe."

Kisha akaongeza, "Lakini kila nyumba nakusikia ukiuliza kilichobaki. Leo nimeona nijibu."

Ambakisye alitoka akaenda kwenye lori. Watu watatu walikuwa wamekaa juu ya mizigo, wakitazama upande wa barabara. Ndelwa angefika saa kumi na moja. Kesho kulikuwa na nyumba nyingine ya kuhamisha, na wabebaji wengine hakuwa nao. Alikichukua kisanduku akakipakata kama siku zote. Uzito wake haukuzidi wa mkate. Akajiuliza maswali ya kanuni yake: ni cha nani, kimetoka wapi, kinakwenda wapi. Akaona kwamba kwa miezi minane alikuwa amejibu swali moja tu, na alilijibu vibaya.

Akabandua kikaratasi. Akamwambia mkewe apige simu polisi. Kisha akamkabidhi Bukuru, aliyekuwa amemfuata nje, kisanduku, na mtaimbo juu yake.

"Mzigo wenu," alisema.

Kufuli liliachia kwa pigo la pili. Wakati taa za gari la Ndelwa zilipotokea ndani ya ukungu, kila mmoja wa wale wanne alikuwa ameshika kitambulisho chake mkononi, akiutazama uso wake mdogo pichani.

Ndelwa aliliona bati lililovunjika. "Kaka," alisema, "wewe si ndiye usiyefungua mzigo wa mtu?"

"Sijafungua. Wamefungua wenyewe."

Ndelwa alirudisha gari nyuma, na ukungu ukammeza. Alikamatwa siku ya tatu. Ghalani polisi walikuta wengine: wanawake sita waliokuwa wakishona mablanketi, yaleyale ambayo Ambakisye alifunikia meza za watu zisichubuke. Hilo lilimkalia moyoni kuliko mengine yote, kwa maana hao hawakuwahi kufika mahali ambapo wangemsikia akiuliza.

Bukuru alirudi Kasulu kwa basi, mkono wake mfukoni njia nzima.

Ambakisye bado anahamisha watu, kwa lori moja. Hapokei mbebaji kabla hajaketi naye peke yake, akamuuliza jina lake, analala wapi, na kitambulisho chake kiko kwa nani. Hachukui blanketi kabla hajaingia chumba linaposhonwa. Wenzake wa kazi humcheka, wanasema anahoji watu kama padri kabla ya ndoa. Naye hupita nyumba tupu kama zamani, akiita. Ila siku hizi akishaita, husimama kidogo na kusikiliza.

Na wewe uliyepakata kitu leo ukakilinda kisidondoke, uliuliza ni cha nani?